Maandalizi ya Januari yaanze kwenye minada ya korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakurugenzi wa halmashauri, madiwani, walimu wakuu na wazazi wenzangu wa mikoa ya Mtwara na Lindi kuhusu maandalizi ya kufungua shule, jambo ambalo kila mwaka huzungumzwa kwa kelele nyingi wiki mbili za mwanzo wa Januari, kisha husahaulika hadi Januari nyingine. Ninaandika sasa, kabla mnada wa kwanza wa korosho haujafanyika, kwa kuwa hoja yangu yote inahusu wakati. Huku kwetu Januari ni mwezi mbaya kuliko yote wa kuanza kutafuta madawati, sare na mabati, na anayesubiri hadi mwezi huo amekwisha kuchelewa.

Kwa msomaji wa Arusha au Mwanza asiyeijua ratiba ya Kusini, nieleze kidogo. Mikorosho huchanua katikati ya mwaka, na uokotaji hupamba moto Septemba na Oktoba. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zikapimwa na kusafirishwa hadi ghala kuu, kisha huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa wenzetu wa pwani ya Lindi. Malipo huingia kwenye akaunti ya mkulima baada ya mnada, na kwa kaya nyingi hiyo ndiyo fedha pekee ya maana kwa mwaka mzima. Mvua nazo huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa kuwa huku tuna msimu mmoja tu wa mvua. Kwa hiyo shule zinapofunguliwa Januari, fedha za korosho zimekwisha kupangiwa kazi nyingine au zimekwisha kabisa, barabara za vijijini zimegeuka tope, na familia nyingi ziko mashambani zikipanda na kupalilia mahindi na mihogo.

Hapo ndipo mzazi anapokabidhiwa orodha ya mahitaji. Kijana wake amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, majina yametangazwa Desemba, na fomu ya kujiunga inamfikia siku chache kabla ya shule kufunguliwa ikiwa na sare, viatu, kaunta buku, seti ya vifaa vya hisabati, jembe au fyekeo, na kama ni shule ya bweni, godoro, shuka na ndoo. Mafundi cherehani wana foleni, bei ya kitambaa imepanda, na mkononi hakuna kitu. Mzazi wa namna hiyo akikopa, mara nyingi hukopa kwa korosho ambazo bado hazijachanua. Wakazi wa huku wanaujua vizuri mchezo wa kangomba: mlanguzi anakupa fedha kidogo leo unapobanwa, halafu msimu ukifika anakuja kuchukua magunia yako kwa bei aliyoipanga yeye, chini kabisa ya bei ya mnada. Biashara hiyo imepigwa marufuku na kila msimu viongozi huikemea, lakini sijasikia mtu akisema waziwazi kwamba mojawapo ya milango inayopitia ni daftari na sare za Januari. Mzazi ambaye angeijua orodha hiyo Oktoba angenunua kila kitu kwa fedha ya mnada wa kwanza au wa pili, naye mlanguzi asingempata.

Wala hakuna siri yoyote katika orodha zenyewe. Shule ya kata iliyoko kijijini kwetu haibadilishi rangi ya sketi kila mwaka. Mahitaji ya darasa la kwanza, la awali na ya kidato cha kwanza yanajulikana mapema, na kinachobaki hadi Desemba ni majina ya waliochaguliwa tu. Sioni sababu ya mkuu wa shule kushindwa kubandika orodha hiyo mwezi Oktoba katika ofisi ya kijiji, kwenye ghala la AMCOS na mahali watu wanapokusanyika kusubiri kusomewa bei. Kwenye mnada ndiko wazazi waliko, tena wakiwa wametega masikio.

Katika orodha hizo, yatenganishwe yaliyo wajibu wa mzazi na yasiyo wajibu wake. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, unaohusu elimumsingi bila malipo, umeeleza wazi kwamba mzazi hununua sare, daftari, kalamu na mahitaji mengine binafsi ya mtoto, huku ada na michango ya lazima ikiondolewa. Hata hivyo, fomu nyingine bado hubeba reamu za karatasi, fagio na "mchango wa dawati" katika aya ileile yenye sare, na mzazi asiye na uzoefu hawezi kujua lipi ni lazima na lipi ni hiari. Mtoto asikataliwe mlangoni kwa sababu ya sare, na kauli hiyo viongozi wameirudia mara nyingi. Lakini ingefaa iandikwe juu kabisa ya fomu yenyewe, kwa kuwa mwalimu wa zamu aliyesimama getini saa moja asubuhi husoma fomu na wala hakumbuki hotuba ya mkutanoni.

Nikiacha mzazi, nije kwa halmashauri, ambako kwa maoni yangu ndiko mzigo mkubwa uliko. Fedha za korosho haziingii mifukoni mwa wakulima tu. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Tani 1 ya korosho ikiuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo huzaa shilingi milioni 3, na ushuru wake ni shilingi 90,000. Sasa tuilinganishe na ruzuku ya uendeshaji: shule ya msingi hupangiwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo huenda shuleni. Maana yake ni kwamba ushuru wa tani 1 tu ni sawa na fedha za kuendeshea masomo ya watoto 15 kwa mwaka mzima. Shule yenye wanafunzi 400 hupata kiasi cha shilingi 200,000 kwa mwezi kutokana na ruzuku hiyo, na kutoka humo inatakiwa kununua chaki, kuchapa mitihani, kuendesha michezo na kukarabati majengo. Mwalimu mkuu anayeambiwa atengeneze madawati 30 kwa fedha hizo anaambiwa afanye mazingaombwe.

Ninajua ushuru wa korosho una kazi nyingi: zahanati, barabara, posho za vikao. (Hizo posho nimeziweka mwisho kwa makusudi, ingawa katika malipo huwa hazikai mwisho.) Sisemi fedha zote ziende shuleni. Ninachosema ni kwamba ushuru huo huingia katika robo ya pili ya mwaka wa fedha, Oktoba hadi Desemba, yaani miezi ileile inayotangulia kufunguliwa kwa shule, na hakuna mkoa mwingine ninaoufahamu wenye bahati ya kupata fedha zake za ndani kwa wingi katika wakati unaofaa kiasi hicho. Bahati hiyo tunaipoteza kwa sababu maombi ya madawati na umaliziaji wa maboma hupelekwa vikaoni Januari, wakati fedha zimekwisha kugawanywa, na ahadi inayotolewa ni ya bajeti ijayo, ambayo huanza Julai.

Kuna watakaosema dawa ni kumwongezea mkulima makato, shilingi kadhaa kwa kila kilo, ziingie kwenye mfuko wa elimu. Mimi sikubaliani nao. Mkulima wa korosho tayari anasoma karatasi yenye makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji, na mengine hawezi hata kuyaeleza. Zaidi ya hapo, mfuko wa mkulima si wa kutegemewa kila mwaka. Katika msimu wa 2018/19, Serikali iliposimamisha wanunuzi binafsi na kuamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalichelewa kwa wakulima wengi, na shule zilifunguliwa Januari 2019 wazazi wakiwa bado wanasubiri kuhakikiwa. Maandalizi ya shule yaliyowekwa juu ya mgongo wa mzazi pekee huanguka siku hiyo hiyo soko linapoyumba.

Kabla ya fedha, hata hivyo, kuna hesabu, na hapa sitamsingizia mtu wa wilayani. Hesabu ya madawati ni kazi ya kamati ya shule na mwalimu mkuu, nayo inaweza kufanyika kwa siku moja. Kinachotukwamisha ni kuhesabu kwa jumla badala ya kuhesabu kwa darasa. Tuchukue mfano wa shule ambayo darasa la saba linaloondoka lina wanafunzi 60. Kwa utaratibu wa wanafunzi watatu kwa dawati, yanabaki madawati 20. Januari darasa la kwanza linaandikisha watoto 130, wanaohitaji madawati 44. Upungufu ni 24, lakini taarifa ya shule itaandika idadi ya madawati yote ya shule na idadi ya wanafunzi wote, upungufu uonekane mdogo, na wale 24 watokomee ndani ya wastani. Isitoshe, dawati la darasa la saba halimfai mtoto wa miaka sita, ambaye miguu yake itaning'inia na kidevu chake kitakuwa sawa na ubao wa kuandikia. Madawati yaliyovunjika yaliyorundikwa nyuma ya stoo nayo yahesabiwe na kupigwa misumari, kwa maana mengi yana chuma kizima na yamekosa mbao tu. Na mbao zenyewe, jamani! Mkoa wa Lindi una misitu ya Liwale na Kilwa ambayo mbao zake husafiri hadi mbali, na bado tunao watoto wanaoandika wakiwa wamekaa sakafuni.

Uandikishaji nao hufunguliwa mapema, wazazi wakatangaziwa, na wengi hawaendi hadi shule ifunguliwe. Hapo lawama ni yetu wazazi. Lakini Oktoba mzazi yuko shambani anaokota, pengine pamoja na watoto, na shule iko kilomita kadhaa. Mwalimu mmoja akikaa na daftari la uandikishaji pale kwenye ghala la chama cha msingi siku za kupima korosho, ataandika watoto wengi kwa asubuhi moja kuliko kwa kusubiri ofisini mwezi mzima, na hesabu ya madawati niliyoitaja itakuwa na namba za kweli.

Ujenzi ndio usiosubiri kabisa. Lori la mchanga linalopita bila shida Oktoba hukwama Januari. Boma lililoachwa bila paa hulowana msimu mzima wa mvua, na tofali zisizochomwa vizuri humomonyoka, hadi wananchi waliojitolea nguvu zao wanakata tamaa ya kujitolea tena. Kiwanda cha saruji cha Dangote tunacho hapa hapa Mtwara, kwa hiyo kisingizio cha saruji hakipo. Mabati na nondo vingi hutoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo mvua zinaweza kuikata, kama ilivyotokea maeneo ya Somanga, Kilwa, baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024. Mwishoni mwa mwaka 2021, Serikali ilipoelekeza fedha za mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 katika ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima, kwa shilingi milioni 20 kila chumba, tulishuhudia vyumba vikiinuka ndani ya wiki chache ili vijana wa kidato cha kwanza wa 2022 wapate pa kukaa. Inawezekana, basi. Ila mwendo ule ulifanyika kwa kukimbizana, walimu wakuu wakishinda saiti badala ya kuwa na familia zao, na kukimbizana si utaratibu wa kuendeshea halmashauri miaka yote.

Yote niliyoyasema hadi hapa yangefaa mwaka wowote. Lipo moja ambalo lina tarehe yake, nalo ndilo lililonisukuma kuandika barua ndefu namna hii. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo huo ndio wa mwisho kumaliza darasa la saba, nao wanamaliza 2027 hiyo hiyo. Januari 2028, madarasa mawili yatabisha hodi kwa pamoja katika mlango wa kidato cha kwanza.

Shule ya kata inayopokea vijana 120, mikondo mitatu ya wanafunzi 40, itatakiwa kupokea 240. Hivyo ni vyumba vitatu zaidi, yaani shilingi milioni 60 kwa kipimo kile cha milioni 20, bila kuhesabu viti na meza 120 za ziada, matundu ya vyoo, maabara na walimu wa hisabati na sayansi ambao hata sasa hawatoshi. Mzigo huo hautaisha 2028. Utahamia kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, na cha nne 2031, ukipandisha mahitaji kila unapopita. Katika kata zilizoko juu ya nyanda za Makonde, ambako hata maji ya kumwagilia tofali hutafutwa kwa taabu, ujenzi wa namna hiyo hauwezi kuanza Novemba 2027.

Upande wa pili wa hesabu hiyo una nafuu ambayo sijaisikia ikijadiliwa vya kutosha. Shule ya msingi iliyokuwa na madarasa saba itabaki na sita kuanzia 2028, hivyo chumba kimoja au zaidi kitabaki wazi karibu kila shule. Pale ambapo shule ya msingi na ya sekondari ziko jirani, na kata za namna hiyo zipo nyingi, vyumba hivyo vinaweza kupokea mkondo mmoja wa kidato cha kwanza kwa miaka michache. Lakini lazima mtu azunguke, atazame umbali, atazame hali ya jengo, aandike. Na azunguke sasa, maana chumba kikiwa kitupu kwa muhula mmoja kitajazwa viti vibovu na magunia.

Pia tukumbuke umri. Aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita atamaliza darasa la sita akiwa na miaka 12, na katika wilaya kama Liwale na Nanyumbu, ambako vijiji vimetawanyika, mtoto huyo atatembea mwendo mrefu kwenda sekondari au atapangishiwa chumba mtaani, kile wanachokiita geto. Kwa mtoto wa kike wa miaka 12 hilo ni jambo la hatari, na kila mzazi anaelewa ninachokisema. Hosteli ziingie katika hesabu ya 2028 sambamba na madarasa, zisije baadaye kama nyongeza.

Na kwa kuwa nimegusa watoto wa kike: tangu Novemba 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurejea katika shule za Serikali. Januari ndiyo nafasi yao. Wapo vijijini ambao hawajui, au wanajua na wanaona aibu kwenda wenyewe. Mtendaji wa kijiji anayewafahamu awafuate nyumbani Novemba na kuzungumza na mama zao.

Kuhusu walimu nitasema machache, kwa kuwa ajira na uhamisho viko mikononi mwa ngazi za juu. Tunavyo vyuo vya ualimu Mtwara, Kitangali na Nachingwea, na bado shule zilizo mbali na lami zina walimu wa kuhesabika. Halmashauri haiwezi kuajiri itakavyo, ila inaweza kukarabati nyumba ya mwalimu kabla mvua hazijaanza. Kuhusu chakula, kamati zipange mchango wa hiari wa mahindi na mihogo mara baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kwa sababu Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala la nyumbani lenyewe ni tupu.

Jando na unyago navyo hutajwa kila tunapolalamika kuhusu fedha za Desemba, na wengine huvitaja kwa dharau. Ni mila zetu na watoto wetu wanazihitaji, alimradi zifanyike likizo na zimalizike kabla shule haijafunguliwa. Nimewaona makungwi wakikubaliana na walimu juu ya tarehe bila polisi wala amri, pale walipoitwa na kuheshimiwa kama wazee.

Ombi langu kwa wakurugenzi ni hili: kikao cha madiwani cha robo ya kwanza, kinachofanyika Oktoba au Novemba, kipokee taarifa ya kila shule yenye idadi ya watoto wanaotarajiwa darasa la awali, la kwanza na kidato cha kwanza, madawati au viti vilivyopo kwa kila darasa, na maboma yasiyo na paa, kikao hicho hicho kitamke ni sehemu gani ya ushuru wa korosho wa msimu huu itakayokwenda huko, na taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata kabla ya mnada wa tatu. Katika taarifa hiyo iongezwe safu moja ya Januari 2028. Wajumbe wa kamati za shule tutahesabu upande wetu, na tuko tayari kuanza wiki hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya shule,
Mtwara